Uzi: Nimekaa na mgeni kutoka Ujerumani siku tisa hapa Temeke, na siku ya tatu nilimpa jembe kweli

#1 Fundi Nguo wa Temeke (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kuna mdau wa Mbagala aliuliza kwenye uzi mwingine: ana rafiki yake wa mtandaoni anatua Dar kutoka nje, atamlaza wapi na atamtembeza wapi, maana yeye amepanga vyumba viwili na anaona aibu. Karibu wote waliomjibu walimwambia amtafutie hoteli Masaki mambo yaishe. Nilitaka kumjibu palepale, maneno yakanizidi. Nimeona nifungue uzi.

Mimi siyo mwongoza watalii. Ni fundi nguo, cherehani mbili barazani, naishi Temeke na mume wangu na kijana wetu wa darasa la tano. Nyumba ni ya Kiswahili, zile mnazozijua: korido katikati, vyumba sita, uani choo, bafu na karo. Wapangaji tuko wanne, na chumba cha mbele anakaa bibi mwenye nyumba. Humo ndimo nilimokaa na mgeni.

Tulijuana kwa ajili ya lugha. Yeye ni muuguzi wa Berlin, umri arobaini na kidogo, alikuwa anajifunza Kiswahili na anatafuta mtu wa kuongea naye. Mwaka mmoja na nusu, kila Jumapili jioni, tunapiga soga kwenye simu. Kiswahili chake cha kitabuni hicho: "Je, dada, shughuli zako zinaendeleaje?" Mimi namwambia sema "mambo vipi", anaandika. Siku akaniambia amepata likizo, anakuja, nimshauri hoteli. Mume wangu alikuwa pembeni anakula, akasema bila hata kuinua kichwa, "Hoteli ya nini, na chumba cha mtoto kipo?"

Basi usingizi ukaniruka.

Wiki mbili kabla hajaja nilifanya mambo ambayo leo nikiyakumbuka najicheka. Nilinunua mapazia mapya sebuleni, na ya zamani hayakuwa na tatizo lolote. Nilimfundisha mtoto kula kwa uma. Nikanunua kile kiti cha plastiki chenye tundu wanachotumia wagonjwa, nikakiweka juu ya choo chetu cha kuchuchumaa. Asubuhi ya kwanza mgeni akakitoa nje taratibu, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Pole dada, nani anaumwa?" Kwa sasa tunakiwekea ndoo.

Alitua usiku. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu ni karibu, Barabara ya Nyerere mpaka Tazara halafu unakata, lakini foleni ilikuwepo na niliishukuru, maana ilinipa muda wa kumweleza kuwa nyumbani hali ya hewa si nzuri. Sikuwa na maana ya mvua. Siku mbili nyuma tulizozana wapangaji kuhusu bili ya maji, na dada wa chumba cha nyuma alikuwa hajasalimiana na mtu. Kumbukeni hilo, litarudi.

Kesho yake, kabla hata ya chai kuisha, nilimpeleka kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Pasipoti yake, mimi nani, anakaa siku ngapi, basi. Dakika ishirini. Msilidharau hili wakuu. Mtaani mzungu akionekana anatoka kwenye korido ya watu na ndoo mkononi, maswali yatakuwa mengi kuliko majibu, na aliyejibu kwanza ndiye anayeaminiwa. Bora mwenyekiti aijue habari kutoka kwako.

Siku ya pili tulienda mjini. Nilikuwa na ratiba kwenye daftari, nimeiandika kama ya harusi: Sanamu ya Askari, kanisa la Azania Front, Mtakatifu Yosefu, Makumbusho ya Taifa, Mnazi Mmoja. Niwaambie ukweli, hapo nilikuwa nampeleka mtu mahali ambapo mimi mwenyewe nimezaliwa Dar na sijawahi kuingia. Makumbusho nilikuwa naijua kama kituo cha daladala, na wala siyo hiyo.

Kule ndani aliangalia habari za fuvu la Zinjanthropus, lile la Olduvai la mwaka 1959, nikawa na raha kwamba tunacho cha kumwonyesha. Halafu akaniuliza, "Na dinosau wa Tendaguru, habari zake ziko wapi?" Nikamwangalia. Tendaguru ndiyo nini? Akanieleza mimi, Mtanzania, tukiwa Dar, kwamba Lindi walichimbwa dinosau kati ya mwaka 1909 na 1913 enzi za Wajerumani, kwamba mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na kwamba yeye alipelekwa na shule kumwona akiwa na umri kama wa mtoto wangu. Akaongeza kwamba mifupa ile, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na wapagazi kutoka porini mpaka bandari ya Lindi. Mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Nilikaa kwenye bustani pale nikanunua dafu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na ile hali ya mtu aliyeambiwa na mgeni kwamba kwenye kabati lake kuna kitu chake.

Jioni ndipo tulipogombana kidogo kuhusu hela. Alitoa kadaftari, ameandika nauli, viingilio, dafu, chipsi, amegawa kwa mbili. Anataka kunipa nusu yake na cha juu kwa ajili ya kulala. Mimi nikaona ameniona mama ntilie. Yeye akaona namdharau, namfanya mtoto. Tukanyamaza wote tunaangalia taarifa ya habari. Mume wangu ndiye aliyekata shauri: "Cha ndani ya mlango chetu. Cha nje ya mlango, kila mtu na mfuko wake, isipokuwa aliyesema twende nakualika." Sheria hiyo ilidumu mpaka anaondoka bila kesi. Kama mna mgeni anakuja, msisubiri siku ya pili usiku kama sisi. Semeni siku ya kwanza, na asemaye awe mtu mwenye maneno machache.

Sasa siku ya tatu. Mnaijua methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ile nilikuwa na sare za watoto wa kwaya, gauni kumi na moja, mwenyewe anazitaka saa kumi. Sikuwa na namna ya kutembeza mtu. Nikampa kikapu, shilingi 10,000 na karatasi: nyanya, vitunguu, nazi mbili, mchicha, ndimu. Nikamwonyesha njia ya sokoni Tandika, nikarudi kwenye cherehani moyo ukinidunda.

Likapita saa moja na nusu hajarudi. Nilishamtuma mtoto akamtafute.

Akarudi na kijana mmoja kambebea kikapu kwa 500, wote wawili wanacheka. Mchicha upo, vitunguu vipo, nazi zimeshakunwa kwenye mashine. Ndimu kasahau. Na kikapuni kuna nyanya, na chini yake kuna fungu la nyanya chungu. Nikamuuliza hizi za nini. Akasema mama wa sokoni alimuuliza, "Nyanya au nyanya chungu?", naye hakujua nilimaanisha zipi, akaona salama anunue zote. Nazi walimwanzia 3,000 moja. Akasema, "Mama, mimi natoka kwa fundi nguo, naomba bei ya jirani." Soko zima likaangua kicheko, akapewa kwa 1,500 na nyongeza ya pilipili mbuzi tatu. Alizishika zile pilipili kama medali.

Tulikula nyanya chungu na dagaa jioni ile. Na kuanzia hapo nilifunga lile daftari la ratiba.

Mteja amekuja, nitaendelea usiku.

#2 Kijana wa Ubungo

Chai hii, tena ya tangawizi. Mzungu alale Temeke uani, aende Tandika na kikapu? Uzi bila picha ni hadithi.

#3 Fundi Nguo wa Temeke

@Kijana wa Ubungo picha sitaweka. Ni mgeni wangu, siyo bidhaa. Ukipenda ni chai, karibu vitumbua.

#4 Mzee wa Gerezani

Binti umenikumbusha mbali. Hapo penye Sanamu ya Askari wazee wetu walipaita Bismini. Kabla ya huyo askari wa shaba wa mwaka 1927, Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza walipoingia wakaing'oa. Mgeni wako ulimwambia hayo?

Na Kariakoo je? Vijana wengi wanadhani ni jina la kabila fulani. Ni Carrier Corps hiyo, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia, walipiga kambi pale. Ulimi wa mtu wa Pwani ukaigeuza. Kwa hiyo mwenzio anakusimulia wapagazi wa Lindi, na wewe kila Jumamosi unanunua uzi na vifungo kwenye kambi ya wapagazi.

#5 Mtu wa Lindi

Mzee umemaliza. Huku kwetu habari za mijusi wa Tendaguru tunazisikia tangu utotoni, na kila mwaka wa uchaguzi lazima mtu aseme mifupa itarudi.

#6 Hoja kwa Hoja

Naomba nitofautiane na mleta uzi. Dar ina Daraja la Tanzanite, ina treni ya umeme inayokwenda Dodoma, ina Slipway, ina fukwe. Mnachukua mgeni mnampeleka kuoga kwa kopo na kununua dagaa, kesho anarudi kwao anasimulia umaskini. Halafu tukiambiwa Afrika ni vibanda tunalalamika. Wewe mwenyewe umekiri ulinunua mapazia, maana yake ulijua hali siyo ya kuonyesha.

#7 Fundi Nguo wa Temeke

@Hoja kwa Hoja umenichoma palipo na ukweli, mapazia nilinunua. Lakini tazama jambo moja. Mimi sikumpeleka "kuona umaskini". Sikumpeleka popote, hapa ndipo ninapokaa. Kuna watu wanalipisha wageni kwenda kupiga picha vichochoroni kwa wenzao, hao waseme wenyewe. Mimi nimemwambia mtu njoo nyumbani, na nyumbani kuna kopo.

Treni amepanda. Siku ya saba alikwenda Morogoro na kurudi jioni, peke yake, kutoka stesheni ya hapa mjini. Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje, akasema nzuri sana, safi, imefika kwa wakati, kisha akahamia kwenye habari ya mama mmoja aliyekaa naye aliyekuwa na kuku wa mayai kwenye mawazo, anapiga hesabu za banda njia nzima. Daraja la Tanzanite tulipita kwa bajaji tukienda ufukwe wa Coco kula mihogo. Alilitazama kama dakika moja. Mihogo alirudia sahani.

#8 Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma nikacheka. Mimi nilikuwa na mgeni, mtu wa Ureno. Nimempeleka Fort Jesus, nikadhani atajivuna kwa vile ni wao walioijenga, 1593. Akatembea kimya. Alipotoka akaniuliza twaweza kula nini. Nikampeleka Mji wa Kale, mahamri kwa mbaazi za nazi. Siku zote zilizobaki kila asubuhi yuataka mbaazi, ngome hakuirudia.

Jambo moja tu niwaongeze. Mgeni akila kwa mkono mara ya kwanza, msimtazame. Mama yangu aligeuza uso kabisa, ajifanya atafuta chumvi.

#9 Mbongo Hamburg

Niongee kutoka upande wa pili, naishi huku mwaka wa kumi na mbili.

Kwanza @Mzee wa Gerezani, hiyo sanamu ya Wissmann haikupotea. Iliishia huku Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo imeng'olewa mara mbili.

Pili, kuhusu kadaftari ka kugawa hela. Dada, usimuone amekudharau. Huku hata marafiki wa shule ya msingi wakienda kula, mhudumu anauliza mnalipa pamoja au kila mtu na chake, na hakuna anayeona vibaya. Mtu asipogawa anajiona ana deni, na deni linamnyima raha. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwalipia wenzangu watano kazini kwa kiburi cha Kizaramo. Walinishukuru, wakashtuka, na wiki nzima kila mmoja alikuwa ananiletea keki. Nilinenepa.

Shemeji ana akili sana na sheria yake ya mlango.

#10 Mpangaji Mbagala

Ndiyo mimi niliyeuliza ule uzi mwingine. Dada nashukuru, nilikuwa nimeshakata tamaa. Wangu anatoka Brazil. Naomba niulize ya vitendo, usiniangushe: viza inakuwaje, gharama ulitumia kiasi gani, usalama, na je, nichukue likizo siku zote?

#11 Fundi Nguo wa Temeke

Nimerudi, sare zimeenda. @Mpangaji Mbagala twende.

Viza aliomba mwenyewe mtandaoni kabla ya safari. Ile ya kawaida alilipa dola 50, na ni hivyo kwa mataifa mengi, Wamarekani ndio wanalipa 100. Mwambie aombe mapema na aweke anwani yako ya kweli na namba ya simu, siyo jina la hoteli ya kubuni. Brazil wapo kwenye nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo ile kadi ya chanjo aibebe mkononi, asiitie kwenye begi la chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea mwambie asije nayo, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Na akitaka kuvuka kwenda Zanzibar kuna bima ya lazima kwa wageni, dola 44. Wangu hakuijua, akaisikia kwa mtu siku moja kabla.

Gharama. Nilikuwa nimetenga laki moja na nusu, ikabaki. Kilichopanda ni maji na umeme. Siku ya nne mita ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia usiku, akauliza huo ni ugonjwa gani. Mtoto akamweleza. Asubuhi akanunua umeme kwenye simu yake, akasimama kwenye mita, mtoto anamsomea zile tarakimu 20, yeye anabonyeza. Umeme uliporudi alipiga kelele kama kafunga goli. Hilo ni la ndani ya mlango, kisheria lilikuwa letu. Mume wangu akajifanya hakuona.

Usalama: simu haitoki barabarani, na hilo halina uzungu, hata mimi yangu haitoki. Kamera tuliiweka ndani kabisa tulipokuwa pande za Magogoni, maana Ikulu ipo pale, bandari ipo pale, na mtu mwenye kamera kubwa hawezi kueleza kwamba alikuwa anapiga ndege. Usiku tulirudi kwa bajaji ya mtu tunayemfahamu.

Likizo usichukue. Chukua siku mbili. Hizo nyingine aishi na wewe: kama unaenda kazini aende mpaka kituoni arudi, kama una msiba twende wote, kama ni mechi mpeleke kibanda umiza. Na mwandae kwa swali moja atakaloulizwa na kila kondakta, kila muuza karanga: Simba au Yanga? Wangu alijibu, "Zote nzuri." Ilibidi nimwambie jibu hilo hapa halipo.

Kama ni kutoka, toka asubuhi mapema mwende Feri sokoni. Hapo sina ubishi. Mashua zinashusha, mnadani watu wanapanda bei kwa ishara ya nyusi, kolekole, changu, nguru na pweza juu ya meza za saruji, maji ya chumvi yanakuingia kwenye kandambili. Mgeni wangu alisimama mbele ya kijana anayempiga pweza chini ili alainike, akahesabu mapigo, akaacha kuhesabu. Tukanunua changu wawili, tukawakaangisha palepale. Kisha tukavuka Kigamboni kwa 200, siyo kwamba tulikuwa na safari Kigamboni. Tulivuka, tukanunua juisi ya miwa, tukarudi. Katikati ya maji, ukigeuka, unauona mji wote kwa pamoja, minara ya makanisa ya Wajerumani imekuwa mifupi kama vibiriti kati ya maghorofa. Hapo ndipo nilipomsikia anasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, siyo kwangu, "Basi hapa ndipo."

#12 Bodaboda Chang'ombe

Dada kwenye ya vitendo umesahau SAA. Mimi nilikodishwa na mwenyeji mmoja nimchukue mgeni wake kesho saa mbili. Nikafika saa mbili asubuhi, napiga honi, mgeni amelala, mlinzi ananifukuza. Nikaondoka. Yule mgeni akanisubiri saa nane mchana juani na begi mgongoni, maana kwao hiyo ndiyo saa mbili. Tangu siku hiyo mzungu akiniambia saa namuuliza, jua litakuwa wapi? Ananyoosha kidole, biashara imekwisha.

#13 Hoja kwa Hoja

Haya, nakubali la treni na mama wa kuku. Lakini dada, ulisema ugomvi wa bili ya maji utarudi. Usituache hewani.

#14 Fundi Nguo wa Temeke

Nilijua wewe ndiye utakayeuliza.

Siku ya nane mgeni akataka kumwachia bibi mwenye nyumba zawadi. Tukaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga ya jumla. Mnajua pale, doti zimening'inia mpaka juu, muuzaji anazivuta kwa mti mrefu. Akachagua moja ya bluu na rangi ya chungwa, nzuri mno. Wakati huohuo mteja wangu akapiga simu anadai zipu yake imeachia, nikawa namtuliza. Muuzaji akakunja, akafunga, tukaondoka. Jina la kanga sikulisoma. Mimi, fundi nguo, ninayekata kanga kila siku ya Mungu.

Jioni uani wote tupo. Mgeni akampigia bibi magoti kama alivyomwona mtoto akifanya, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bibi akaikunjua. Akaisogeza kwenye taa. Akasoma kwa sauti, taratibu, herufi moja moja: HASIDI HANA SABABU.

Uani pakawa kimya, unasikia bomba linadondosha.

Dada wa chumba cha nyuma akaweka chini sufuria lake. "Yaani," akasema, "bili ya maji ya elfu nne ndiyo mmemtuma mpaka mzungu aje kunisuta?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni ananiangalia, hajui kosa. Nikamweleza maana ya hasidi, maana ya kusuta, kwamba kanga kwetu inaongea na aliyeinunua ndiye aliyesema. Akawa mwekundu kama ile nyanya isiyo chungu. Akamgeukia yule dada akasema kile Kiswahili chake: "Samahani sana. Mimi sikusoma. Mimi nilipenda rangi tu."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaniagiza mkasi. Nikaleta ule wa kazini, akaikata doti katikati, kipande kimoja akajitanda, cha pili akamrushia dada wa nyuma. "Haya, chukua. Tuwe mahasidi wawili." Yule dada alikaa nacho mapajani muda, kisha akajifunga, akarudi kwenye sufuria lake. Kesho yake asubuhi alimletea mgeni chapati mbili za safari, zimefungwa kwenye gazeti. Bili ya maji amelipa. Nusu.

Bibi amemfanya mgeni somo wake, kampa jina lake. Akipiga simu sasa kutoka Berlin hanitaki mimi kwanza, anasema, "Nipe somo yangu."

#15 Mzee wa Gerezani

Nusu ya bili siyo haba.

#16 Mpangaji Mbagala

Dada nimesoma uzi wote, nimeucheka, nimeuelewa, nimeandika hadi ya chanjo. Mgeni anatua Jumamosi.

Nimeshanunua mapazia.

#17 Fundi Nguo wa Temeke

Rangi gani?